Moto Nilioufukia kwa Udongo

Mwezi uliopita vijana wa parokia yetu, hapa mtaa wa Kenya, Lubumbashi, walirudi kutoka porini, upande wa Lufira. Walikuwa wamelala siku tatu kwenye mahema, bila nyumba ya wageni, bila mlinzi, kila kikundi mahali kilipopapenda. Walinipitia nyumbani kunirudishia sufuria kubwa waliyoazima. Nikawauliza kama walikula vizuri, kama maji hayakuwa mbali, kama hakuna aliyeumwa na nge. Yote yalikuwa sawa. Halafu nikauliza moto waliuzima namna gani. Msichana mmoja, Clémence, akanijibu bila wasiwasi, "Tuliufukia na bulongo, Baba Donat."

Kwa udongo tu! Nikakaa chini. Walidhani mzee amechoka, wakaniletea maji. Sikuwa nimechoka. Niliwauliza kama karibu na moto kulikuwa na kisiki, na upepo ulivuma kutoka wapi walipoondoka. Hawakukumbuka. Siku tatu zilizofuata nilikuwa natoka nje kila mara kutazama anga la mashariki, kama mtu anayengoja habari za mgonjwa. Hakuna kilichotokea, au kama kilitokea, hakuna aliyekuja kuniambia. Nikaona afadhali niwaandikie. Nilifanya kazi ya kupiga kambi zaidi ya miaka ishirini, na kosa baya kuliko yote niliyowahi kufanya, nililifanya kwa sepeto moja ya udongo.

Wakati ule Lubumbashi iliitwa Elisabethville. Wazungu wakubwa walipopata likizo walipanda meli kwenda kwao. Wazungu wadogo, mafundi wa reli, makarani, walimu, hawakuweza kila mwaka, na hoteli ziliwashinda. Kwa hao kulikuwa na pori la serikali. Mtu alichukua karatasi ofisini, akaingia porini, akalala mahali popote mbali na barabara, mradi asikae sana pale pale na asiache uchafu. Mgiriki mmoja tuliyemwita Bwana Yani aliwakodisha mahema, vitanda vya kukunja, taa, na kinyumba kimoja cha mbao chenye magurudumu, cha kukokotwa na gari, ambacho wenyewe walikiita ruloti. Pamoja na vyombo aliwapa mtu wa kambi. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Chola, mtu wa upande wa Sakania, mfupi, mwenye magoti mabovu na kofia ya sufu asiyoivua hata Septemba wakati wa joto. Siku ya kwanza nilifika porini nikaanza kuchunguza majani, natafuta nyoka. Yeye alisimama ameinua kidevu.

"Angalia yulu kwanza," akaniambia. "Nyoka itakimbia yenyewe. Tawi kavu haitakuuliza kama umelala."

Kwake nilijifunza kutopiga hema karibu kabisa na mto, kwa sababu ya baridi ya Juni inayoshuka bondeni, na ya mbu. Nilijifunza kulegeza kamba jioni, maana kamba ya katani ikinywa umande hukaza na kung'oa vigingi. Nilijifunza kufyeka duara kubwa kuzunguka moto hadi udongo mtupu uonekane. Mambo mengine nilijifunza kwa aibu. Mara moja nilimpigia hema padri mmoja mnene mahali palipofagiliwa safi, sina hata jani la kuondoa. Nilijisifu kwa bahati hiyo. Hapakuwa pamefagiliwa na mtu, ilikuwa njia ya siafu. Alfajiri padri alitoka mbio na nguo ya ndani, kitabu chake cha sala kimebanwa kwapani, akaingia mtoni hadi kifuani. Mzee Chola aliposikia alicheka mpaka akashika magoti yake, kisha akaniuliza kwa nini mahali pasafi porini hapakunitia mashaka.

Juu ya moto hakuwa na mzaha. "Mwanga mayi, vuruga, mwanga tena," alikuwa akisema, yaani mwaga maji, koroga. "Kisha tia mukono mu majivu, mpaka chini. Kama mukono inakataa, moto ingali." Nilimwona akifanya hivyo kila tulipoondoka, mkono wake wa kulia mweupe hadi kwenye kiwiko. Nami nilifanya hivyo miaka minne, mpaka magoti yakamzuia kabisa, nikabaki peke yangu.

Ilikuwa mwisho wa Septemba. Bwana Yani alinituma na fundi mmoja wa reli, Mbelgiji mwenye ndevu nyekundu tuliyemwita Bwana Ndevu, na mke wake. Walikuja na gari lao la mizigo wakikokota ile ruloti. Tuliingia porini mwendo wa saa tatu kutoka mjini. Mahali pale palikuwa pazuri ila maji yalijificha. Aliyetuonyesha kijito alikuwa mrina asali, jina lake Chilufya, mtu wa makamo, mrefu, mwenye sauti ndogo. Nyumba zake tatu zilikuwa ng'ambo ya kilima, na mizinga yake ya maganda ya mti ilitundikwa kote pale juu ya miti. Alimletea Madame kipande cha sega juu ya jani. Madame alikila chote amesimama, akalamba na jani.

Asubuhi ya tatu Madame aliamka na homa. Alitetemeka mpaka kitanda kikagonga ubao wa ruloti. Kwinini aliyomeza aliitapika. Bwana Ndevu alikuwa mtu mpole, lakini asubuhi ile alipiga kelele tufunge kila kitu tuondoke. Nilifunga mahema yangali na umande. Maji yalibaki pipa moja, na hilo Bwana Ndevu alinikataza kuligusa, kwa sababu rejeta ya gari ilikuwa inavuja. Kijito kilikuwa mbali, nusu saa kwenda, nusu saa kurudi. Nikamwaga juu ya moto maji yaliyobaki kwenye birika, nikachukua sepeto, nikafukia udongo, nikaukanyaga kwa viatu. Palionekana pazuri. Hapakutoka hata moshi.

Nilipanda nyuma ya gari, juu ya mahema. Tulikuwa tumeenda kama saa moja nilipotaka kujifuta vumbi usoni, nikautazama mkono wangu wa kulia. Ulikuwa safi. Miaka minne sikuwahi kutoka kambini na mkono safi.

Niligonga bati la gari. Bwana Ndevu akasimamisha, nikashuka, nikamweleza kwamba sikuuzima moto vizuri. Alimtazama mkewe, ambaye kichwa chake kilikuwa kimelala kwenye kioo, macho nusu wazi.

"Uliweka udongo?" akaniuliza.

"Ndiyo, Bwana."

"Basi."

Nikapanda tena. Simlaumu. Ningekuwa yeye ningefanya vile vile. Lakini mimi nilikuwa nimesimama barabarani, na miguu nilikuwa nayo. Ningeweza kumwambia aende, nirudi peke yangu, ningefika mchana. Sikufanya hivyo. Niliogopa Bwana Yani angesema nimewaacha wateja, niliogopa njia ndefu bila maji, na kwa sehemu nilitaka kuamini lile neno "basi".

Mnieleweni vizuri hapa, ninyi mnaolala kwenye mahema. Udongo hauui moto. Unaufunika kama mkate ndani ya tanuri. Chini ya udongo kaa hukaa siku mbili, tatu, linakula polepole, na likikuta mzizi mkavu, linaufuata. Hayo niliyajua. Mzee Chola alikuwa ameniambia.

Nyumbani, mke wangu Bernadette alikuwa na mimba ya miezi minane. Aliniuliza kwa nini sili. Nilimwambia ni joto. Kila nilipotoka nje niliona moshi upande wa mashariki, lakini Septemba moshi uko kila upande, watu wanachoma mashamba, wanachoma makaa, hujui upi ni wa nani. Siku ya pili sikuweza tena kuvumilia. Siku ya tatu asubuhi nilipanda gari la wachoma makaa, nikashukia kwenye njia yetu, nikaingia porini kwa miguu.

Harufu ilinipokea kabla ya kuona chochote. Kuanzia kambi yetu mpaka kijito, na kutoka kijito mpaka nusu ya kilima, ardhi ilikuwa nyeusi. Miti mikubwa ilisimama, ila mizinga ilikuwa imeungua juu ya matawi, mingine imeanguka, nta imeyeyuka na kuganda chini pamoja na nyuki. Nilihesabu mizinga kumi na minne, nikaacha kuhesabu. Mahali pa moto wetu udongo wangu ulikuwa bado umelala kama nilivyoukanyaga, na alama ya kiatu changu ilionekana. Lakini nje ya duara nililofyeka, hatua kama kumi na mbili, kulikuwa na kisiki kikavu kilichoungua mpaka kikawa shimo. Kutoka hapo ndipo weusi ulipoanzia. Nilijua mara moja kilichopita chini ya ardhi kati ya mahali hapo pawili.

Nilivuka kilima. Nyumba zilikuwa nzima. Mke wa Chilufya, Mama Mumba, alikuwa ameketi mlangoni peke yake. Akanipa maji kabla sijasema neno. Nilimwuliza mumewe yuko wapi.

"Balimufunga," akasema. "Moto ilikuwa nakuja ku nyumba. Akachoma kanjia ya kuikinga, akashika majani ya moto mu mukono. Gade wa pori akamukuta vile. Akasema, njo huyu."

Mnaelewa. Mtu aliwasha moto mdogo ili kuuzuia moto wangu, akakamatwa na mlinzi wa pori nao mkononi. Na tena alikuwa mrina asali, ambaye kazi yake ni moshi. Nani angetafuta mwingine?

Niliyanywa maji yale mpaka mwisho. Nikamwambia pole, mama. Nikaondoka.

Hiyo ndiyo sehemu ninayoona haya kuiandika. Nilirudi mjini nikanyamaza siku tatu. Nilikuwa na sababu zangu, na zilikuwa za kweli. Mtu aliyefungwa aliandikwa katika kitabu chake cha kazi, na baada ya hapo hakuna aliyemtaka. Angeweza kunyang'anywa nyumba ya cité, mtaa wetu Waafrika, na kurudishwa kijijini. Baba yangu alikuja kutoka kaskazini kujenga reli, alizikwa hapa, mimi kijijini nilikuwa sijui hata njia ya kisima. Na Bernadette alikuwa anahesabu siku. Nilijiambia kwamba pengine watamwachilia Chilufya kwa kukosa ushahidi.

Siku ya nne nilimwambia Bwana Yani. Alifunga mlango wa duka kwanza. Akaniambia sikuona kitu, sijui kitu, na kwamba habari hii ikifika ofisini, hakuna mteja wake atakayepewa tena karatasi ya kuingia porini. Hakunitisha. Alikuwa anaogopa kama mimi.

Kutoka pale nilikwenda kwa Mzee Chola. Nilimkuta anapaka magoti yake dawa. Nilimweleza yote. Aliuliza swali moja tu.

"Ulitia mukono?"

"Hapana, Mzee."

Akaendelea kupaka dawa goti moja, kisha la pili. Nilingoja anitukane, ingenisaidia. Alipomaliza alivaa viatu, akachukua fimbo yake. "Twende ku biro," akasema. "Mi sitaingia. Nitaikala inje, nikungojee."

Nilimwomba tupite nyumbani kwanza. Bernadette alisikiliza amesimama, mikono juu ya tumbo. Aliniuliza watanifunga muda gani. Nilisema sijui. Akaingia chumbani, akatoka na shati langu zito, akasema gerezani kuna baridi alfajiri.

Kwenye ofisi ya mtawala nilikaa kwenye benchi mpaka alasiri. Mara mbili nilikwenda chooni na mara mbili nilitaka kupitiliza langoni, lakini pale langoni alikuwa ameketi Mzee Chola na kofia yake juani, na singeweza kumpita. Karani, Mwafrika mwenzangu, aliniuliza shida yangu. Nilipomweleza aliweka kalamu chini, akaniambia kwa sauti ya chini nirudi nyumbani, kwamba kesi ile ilikuwa imekwisha. Nikasema nitangoja.

Mtawala hakuniamini. Aliuliza jamaa za Chilufya wamenipa asali kiasi gani. Alisema moto uliofukiwa umefukiwa, na kwamba alimwona mwenyewe mshtakiwa ana malengelenge mikononi. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Bwana, njia ya moto iko chini ya udongo. Tuchimbe." Nilipokwisha kusema nikaingiwa na hofu mpya. Na kama imeporomoka? Na kama wanyama wameikanyaga? Tukichimba tukakosa, Chilufya atabaki gerezani na mimi nitaitwa mwongo.

Siku ya pili tulikwenda kwa gari la serikali, mtawala, yule gade, mimi, na Chilufya katika shati la mfungwa. Alinitambua, lakini hakujua kwa nini nipo. Mtawala alimweleza kwa maneno machache. Chilufya akanitazama. Nimetazamwa na simba mara moja porini, na ile ilikuwa rahisi zaidi.

Walitupa majembe mawili. Tulianza mahali pa moto, na hatua tano za kwanza zilikwenda vizuri. Mzizi ulikuwa umeungua ndani ya udongo ukaacha tundu jeusi, pana kama mkono wangu, lina majivu laini. Halafu likapotea. Nilichimba mbele, udongo mwekundu mtupu. Nilichimba kulia, udongo mtupu. Jasho lilinizuia kuona. Mtawala alitazama saa yake, gade akatabasamu. Nilikuwa nachimba kama mtu anayezama, huku na kule, naharibu.

Chilufya akaacha jembe lake. Akapiga magoti, akaingiza kidole ardhini sehemu tatu, nne, akainusa kila mara. Ndipo nilipoisikia sauti yake ndogo kwa mara ya kwanza siku ile.

"Acha hapo. Haikupita hapo. Ilizunguka chini ya kichuguu."

Tukachimba upande ule wa kichuguu, yeye na mimi, bega kwa bega, na tundu likaonekana tena, likashuka, likapanda, likatupeleka mpaka kwenye kisiki. Mtawala aliingiza fimbo yake mwanzoni mwa tundu akaiona inaingia. Aliandika katika daftari muda mrefu.

Chilufya aliachiliwa siku ile ile. Mimi nilipewa miezi miwili, nikakata majani kandokando ya barabara na wenzangu. Bwana Ndevu alikuja kuniona. Madame alikuwa amepona. Bwana Ndevu aliniambia ameandika barua kusema kwamba ni yeye aliyekataa kurudi. Barua haikubadilisha kitu, lakini nilifurahi aliandika. Bwana Yani alinifuta kazi, na kwa kweli nilimwelewa. Nyumba hawakutunyang'anya, sijui kwa nini, na sikuuliza. Binti yangu wa kwanza alizaliwa ningali ndani. Nilipomshika alikuwa na wiki tatu. Baadaye nilipata kazi na wapima ardhi, nikapiga kambi zao mpaka nilipostaafu, na kila moto wa kambi zile niliutia mkono.

Lakini kabla ya hapo, wiki niliyotoka gerezani, nilirudi kwa Chilufya. Mvua zilikuwa zimeanza, na majira hayo ganda la mti hubanduka vizuri, ndiyo majira ya kutengeneza mizinga. Nilimwambia nimekuja kumsaidia. Hakunikaribisha na hakunifukuza. Alinipa shoka, akanionyesha mti. Siku nne tulifanya kazi. Yeye alikata ganda mviringo juu na chini, mimi nikalipokea lisipasuke, tukalishona kwa vijiti. Aliponisemesha, alisema tu "shika" na "polepole".

Siku ya nne jioni Mama Mumba alituletea bukari, ugali wetu, na uyoga. Tulikuwa tunanawa mikono wakati Chilufya aliponiuliza.

"Kama ile moto ilichoma tu pori, hapana kunifunga mimi wala muntu mwingine, ungalisema?"

Nilitaka kumjibu ndiyo. Alikuwa amefungwa karibu wiki nzima kwa ajili yangu, alistahili ndiyo. Nilifikiria lile benchi, na lile lango, na siku zile tatu.

"Sijui," nikamwambia.

Alikung'uta maji mikononi. Kisha akalisogeza bakuli la bukari mpaka katikati yetu, akamega tonge la kwanza, na kwa mkono wa kushoto akanionyesha nile.